Ulimi wa Bi Kionjo

Upande ule wa soko unaouza vyakula vya chini ya ardhi ulikuwa na desturi yake. Gunia la muhogo halikufunguliwa mpaka Bi Kionjo alionje. Lori lingefika, wapagazi wangeshusha, wateja wangejazana na vikapu vyao, na bado hakuna mtu ambaye angegusa kamba ya gunia. Walimsubiri mwanamke mmoja mfupi, mjane, mwenye meno ya mbele makubwa kidogo kuliko mdomo wake, aje ajifunge nguo kiunoni na kuuliza, kama alivyouliza kila asubuhi kwa miaka ishirini na mitatu, "Haya, leo mmetuletea chakula au mmetuletea msiba?"

Kisha angechomoa muhogo mmoja juu ya gunia, mmoja katikati na mmoja chini kabisa, maana wakulima nao si malaika. Angekata mkia wa kila mmoja kwa meno, akatafuna amefumba macho, uso umetulia kama wa mtu anayejaribu kukumbuka jina. Akimeza, gunia linafunguliwa. Akitema, gunia linakwenda pembeni kwa akina mama wa unga, wanaoumenya muhogo mchungu, wakauloweka siku kadhaa, wakauanika na kuutwanga mpaka ubaya wake wote utoke. Hakuna aliyebishana naye. Hata dereva wa lori, ambaye soko zima lilimwita Shemeji kwa sababu yeye mwenyewe aliwaita wanawake wote shemeji, alisimama kando amekunja mikono kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani.

Vyakula vingine alivijua kwa mikono, kwa pua na kwa masikio. Kiazi kikuu alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama kimeoza moyoni. Kiazi kitamu alikinusa pale kilipojeruhiwa na jembe, maana mdudu huingilia hapo, na kiazi chenye mdudu kina harufu yake hata kama ngozi inang'aa. Viazi mviringo vilivyoachwa juani vikageuka kijani alivitupa bila kuuliza mwenyewe nani. Magimbi aliyauza na mahubiri juu yake: yachemshwe mpaka yalainike kabisa, usiwe na haraka nayo, yatakuwasha koo ushinde unajikuna pasipofikika. Wateja walicheka, lakini walikwenda nyumbani wakachemsha kama walivyoambiwa.

Muhogo ndio aliouogopa. Muhogo mtamu na muhogo mchungu ina ganda lile lile, weupe ule ule, na maziwa yale yale yanayonata kwenye kisu. Shambani mwenye mti anaweza kukwambia upi ni upi, lakini ukishang'olewa na kutiwa guniani umebaki ulimi tu. Na Bi Kionjo alikuwa na sababu ya kuuheshimu ulimi wake, sababu ambayo sokoni hakuna aliyeijua.

Alikuwa na umri wa miaka saba. Mama yake alikuwa amekwenda msibani, baba yuko kazini, na yeye ameachiwa mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka minne aliyejua kulia njaa kwa sauti ya mtu mzima. Akaenda pembeni mwa shamba, akang'oa muhogo ulio karibu, akamenya, akachemsha. Hakujua kwamba wakulima hupanda muhogo mchungu pembezoni makusudi, ili nguruwe na wezi waujutie. Mdogo wake alikula kwanza na alikula sana, maana ndiye aliyekuwa analia. Yeye alikuwa bado anapuliza moto. Kabla jua halijageuka, mtoto alikuwa ametapika, amelegea, na amenyamaza.

Baba aliporudi alimshika mtoto, akaangalia ndani ya chungu, kisha akamtazama binti yake mkubwa na kumuuliza neno moja tu: "Hukuonja?"

Hakumpiga. Hakumuuliza tena maisha yake yote. Angempiga ingekuwa nafuu, kwa sababu kipigo kinakwisha. Lile swali lilikua pamoja naye, likaolewa naye, likahamia naye mjini, na kila alfajiri lilimtangulia sokoni.

Basi ndiyo maana mkasa wa homa iliyokuja kumpata ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana.

Ilikuwa homa ya mafua tu, ya kulala wiki mbili na kuamka umekonda. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alimuuguza vizuri. Msichana huyu alikuwa anajifunza ushonaji kwa fundi mmoja mama mtu mzima, na alikuwa amebakiza miezi michache tu ajitegemee. Kona ya chumba chao, chini ya dirisha, ilikuwa imeshafagiliwa na kuachwa wazi kwa ajili ya cherehani. Mama na mwana walikuwa wanaizunguka kona ile wanapopita, kana kwamba cherehani tayari iko pale.

Siku Bi Kionjo aliporudi sokoni, walimshangilia. Jirani yake muuza vitunguu, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usio na kizuizi, alimkumbatia akasema soko bila yeye lilikuwa limekaa kihuni, siku zote hizo wameuza viazi na magimbi, muhogo umekwenda kwenye unga moja kwa moja. Magunia ya Shemeji yalikuwa yamepangwa. Bi Kionjo akajifunga kiunoni, akauliza swali lake, akakata mkia wa muhogo, akafumba macho.

Hakukuwa na kitu. Hakuhisi utamu wala uchungu. Alihisi ugumu na unyevu, basi. Akakata wa pili, akakata wa tatu, huku kijasho chembamba kikimtoka mgongoni. Watu kumi na tano walikuwa wanautazama uso wake. Akatema.

"Unga," alisema. "Wote."

Akina mama wa unga walifurahi. Shemeji alikuna kichwa, akasema hilo shamba halijawahi kumwangusha, lakini kama ulimi umesema basi umesema.

Nyumbani alijaribu kila kitu. Alilamba chumvi, alinyonya limau, alitafuna majani ya mwarobaini kama mbuzi na hakukunja hata kope. Pua nayo ilikuwa imekwenda na ulimi. Aliunusa moshi, akanusa sabuni, ikawa sawasawa na kunusa ukuta. Akajiambia ni mabaki ya homa, vitarudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Chakula kikawa kama kutafuna gunia. Nyama, maharage, samaki, yote akayaacha sahanini, anakula vijiko viwili kumridhisha binti yake na kusema ameshiba.

Mtu atauliza, kwa nini hakusema? Angemwambia jirani wa vitunguu, kwa mfano. Lakini kumwambia yule ni kupanda juu ya paa na kipaza sauti. Angeacha kuuza muhogo, abaki na viazi vyake. Na wale wengine je, upande mzima wa soko, waliozoea kufungua gunia kwa neno lake? Wangefungua kwa mazoea, na siku moja mtoto wa mtu angenyamaza. Na zaidi ya yote angeweza kumwambia binti yake, ambaye alikuwa na ulimi mzima wa miaka ishirini na miwili. Hilo ndilo hasa alilolikwepa. Alimjua mtoto wake. Angesikia tu, kesho yake angeacha uzi na sindano na kuja kukaa nyuma ya meza ya mihogo mpaka azeeke, kama mama yake. Ile kona ya chini ya dirisha ingewekwa magunia.

Akapiga moyo konde. Akasema ulimi ukifa, mwili bado upo.

Alianza kwa kubadili utaratibu. Akawatangazia wenzake kwamba kuanzia sasa mzigo ukiingia leo unaonjwa kesho, kwa sababu muhogo unatakiwa kupumzika kutoka safarini ndipo useme ukweli. Upuuzi mtupu. Muhogo hauna mapumziko. Ukishang'olewa siku ya tatu tayari una mistari ya kibuluu ndani na hauuziki. Lakini kwa kuwa alisema yeye, waliitikia kwa vichwa, na jirani wa vitunguu akawaeleza wateja kwamba hata yeye siku zote alikuwa na wazo hilo hilo.

Shemeji alikuwa analeta mzigo wa mashamba mawili au matatu kwa pamoja. Bi Kionjo alichukua muhogo mmoja wa kila shamba, akaufunga uzi ili asichanganye: mwekundu, wa buluu, mweupe. Nyuzi aliziomba kwa binti yake, vile vipande vinavyobaki mezani kwa fundi. Binti akauliza ni za nini. Akajibu ni za kufungia funguo. Binti akamtazama, maana nyumba ile ilikuwa na ufunguo mmoja.

Alasiri, binti akiwa bado kwa fundi, Bi Kionjo aliwasha jiko. Alichemsha kila muhogo na uzi wake ukiwa umefungwa. Wa kwanza aliula saa nane, akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akausikiliza mwili. Wa pili saa kumi na moja. Wa tatu aliuweka wa asubuhi, kabla ya kutoka. Ukipita salama, vizuri. Lakini kichwa kikianza kugonga, tumbo likasokota, chumba kikazunguka na moyo ukaenda mbio, alijua ni shamba la uzi gani. Alijikaza mpaka hali ipite, akajifuta jasho, na kesho yake mbele ya watu alikata mkia wa muhogo ule kwa meno, akafumba macho, akautema kwa dharau yake ile ile ya zamani.

"Huu wa buluu... wa huyo jamaa wa mtoni," alijirekebisha siku moja. "Uende kwenye unga."

Hakukosea. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Katika miezi yote ile hakuna mteja aliyeugua kwa muhogo wa upande ule wa soko, na sifa za ulimi wake zilizidi kuliko alipokuwa nao.

Yapo mambo mawili aliyoyaona wakati ule na hakuyapa uzito. La kwanza ni chai. Asubuhi moja binti yake alimpikia chai, akakaa mbele yake akimtazama anavyokunywa mpaka kikombe kikaisha, kisha akauliza ikoje. Bi Kionjo akasema tamu, mwanangu, umenikolezea vizuri. Binti akachukua kikombe akatoka nacho nje, akakaa huko muda mrefu kwa mtu anayeosha kikombe kimoja.

La pili lilimtia kiwewe. Binti alianza kufika sokoni mapema kuliko yeye, eti kusaidia kupanga meza kabla ya kwenda kwa fundi. Siku moja Bi Kionjo alimkuta nyuma ya magunia, ameinama mtaroni anatema mate. Jirani wa vitunguu naye aliona, na kwa kuwa haoni jambo akalinyamazia, alimsogelea Bi Kionjo akamnong'oneza kwamba yeye alipokuwa na mimba ya kwanza alitema mate miezi mitatu, na mjukuu akija asisahauliwe kualikwa. Wiki nzima Bi Kionjo alilichungulia tumbo la binti yake kwa pembe ya jicho. Tumbo halikukua, akaona ni umbeya, akaliacha.

Kiangazi kilipoingia, mambo yakawa mabaya. Muhogo uliokosa mvua huwa mchungu kuliko kawaida yake, na hata wa mashamba mema hugeuka. Mashamba ya karibu yakakauka, Shemeji akawa anakwenda mbali, anarudi na mizigo ya watu asiowajua. Kati ya alasiri tatu, mbili Bi Kionjo alikuwa ameshika kichwa ukutani. Alitapika kwenye ndoo, akaimwaga na kuisuuza kabla binti hajarudi. Kitu kingine cha maana tumboni hakikuwemo. Kwa nini apoteze maharage kwenye mdomo usiojua maharage?

Siku aliyoanguka, aliamka akaona vidole vya miguu vinachomachoma kidogo, akavipuuza. Alionja magunia, alitema moja, aliuza mafungu manne. Kisha akainuka kwenda bombani na mtungi, hatua kama thelathini, njia aliyoipita kila siku. Hatua ya kumi miguu yote miwili ilikakamaa kwa pamoja, magoti yakabanana, visigino vikakataa kugusa chini. Mtungi ukaenda huku, yeye huku. Watu walidhani ameteleza kwenye maganda, na wengine walikuwa wameshaanza kucheka walipoona hainuki.

Hospitalini alipokewa na daktari kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kama zinatoka au hazitoki. Alimgonga magoti kwa kinyundo, akamkunja na kumkunjua, akamuuliza maswali mengi: je, miguu yote ilianza siku moja? Ilimuuma? Macho yanaona vizuri? Kisha akauliza anakula nini. Bi Kionjo akasema anakula chakula cha watu. Daktari hakuondoka. Akauliza, muhogo? Bi Kionjo akasema anauza muhogo, mtu atauzaje asile.

Daktari alimwita binti mlangoni, akadhani amesogea vya kutosha, lakini mgonjwa alisikia kila neno. Alisema amewahi kuona ugonjwa huu mara moja, mwaka wa ukame, katika nyumba ambazo watu walikula muhogo mchungu kila siku bila kuuloweka vizuri, na hawakuwa na maharage wala yai la kusindikizia. Sumu yake hurundikana mwilini kidogo kidogo, kisha siku moja miguu inakakamaa na hairudi ilivyokuwa. Haitazidi, alisema, lakini haitarudi. Atafutiwe magongo.

"Lakini mama hawezi kula muhogo mchungu," binti alisema. "Huyu ndiye anayeujua kuliko watu wote."

Daktari akasema yeye anaeleza anachokiona.

Walirudi nyumbani kwa gari la Shemeji, ambaye siku hiyo hakumwita mtu shemeji na aliendesha taratibu kama amebeba mayai. Binti alimwendea fundi wake, akamwambia asimhesabu tena kwa sasa. Akachukua meza ya mama yake. Magongo mawili yakaegemezwa kwenye kona ya chini ya dirisha, kwa sababu hapo tu ndipo palipokuwa na nafasi.

Bi Kionjo alilia siku hiyo, ameugeukia ukuta. Hakuililia miguu. Aliililia ile kona. Alikuwa amekula sumu miezi saba ili binti yake asikae kwenye meza ile, na sasa binti amekaa kwenye meza ile, tena na mama wa kumbeba juu yake. Lakini hata katika kulia kwake alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia. Hakuna mtoto aliyenyamaza. Angeulizwa leo hukuonja, angejibu nimeonja, tazama miguu yangu. Kitu hicho alikishika kwa wiki tatu, na kilimtosha.

Kisha ikaja alasiri moja ya siku soko lilipofungwa mapema. Binti alikuwa amebandika viazi vitamu jikoni, amekaa kwenye kigoda kile kile, anatengeneza kisu cha kumenyea ambacho mpini wake ulikuwa umelegea. Mama alikuwa kitandani, miguu imenyooshwa mbele yake. Ghafla binti akaweka kisu chini.

"Mama, nina jambo linanisumbua. Nitakwambia, ila usikasirike."

"Sema, mwanangu."

"Najua ulimi wako ulikwenda na ile homa. Nimejua siku nyingi. Siku ile ya chai nilikosea mkebe, nikatia chumvi. Nilikumbuka umeshaanza kunywa. Ukamaliza kikombe, ukaniambia tamu."

Binti akaendelea, haraka haraka, macho sakafuni, kama anayetua mzigo. Alisema alitaka kumwambia, akashindwa. Angeanzaje kumwambia mama yake kwamba kile kitu soko zima linamheshimia hana tena? Akaona amfichie aibu. Akawa anatangulia sokoni kila asubuhi kabla ya watu, anaonja yeye magunia yote, kila shamba, anatema mtaroni. Halafu anajibanza pale karibu kusikiliza mama atasema nini, ili akipitisha gunia baya, yeye aliondoe kimyakimya.

"Hukukosea hata siku moja," binti alisema, na hapo akatabasamu kidogo, tabasamu la fahari. "Nilikuwa nasubiri ukosee, hukosei. Nikasema basi, mikono ya mama imejifunza yenyewe. Lakini hata ungekosea, mama, nilikuwepo. Hakuna muhogo ambao sikuonja mimi."

Kama kuna kitu kizito kuliko kuanguka sokoni mbele ya watu, Bi Kionjo alikipata pale kitandani. Sufuria zote zikampita mbele ya macho, ya saa nane, ya saa kumi na moja, na ile ya asubuhi. Ndoo alizosuuza. Ukuta alioushika. Kila shamba alilolijaribu kwa mwili wake lilikuwa limeshajaribiwa, au lingejaribiwa kesho yake alfajiri, na ulimi mzima wa msichana aliyekuwa anatema mate mtaroni huku wao wakimdhania mimba. Neno moja lingetosha, kutoka kwake au kutoka kwa mwanawe, siku yoyote katika zile mia mbili na zaidi.

Akamtazama binti yake. Akaona kwamba bado hajajua. Anadhani amekiri kosa dogo la kumficha mama jambo, basi. Na Bi Kionjo alilijua vizuri swali ambalo lingemkaa mtoto huyu maisha yake yote kama angeambiwa. Yeye mwenyewe alilibeba lake tangu akiwa na miaka saba. Asingemwachia mwanawe la kwake: hukusema?

"Umefanya vizuri," alisema. "Umenisitiri, mwanangu. Mungu akuongoze."

Binti akafuta macho kwa kiganja. Akachukua tena kisu, akakigeuza, akakiweka.

"Kinachonishangaza ni yule daktari. Anasema ni muhogo. Wewe ule muhogo uliula wapi? Mimi sijakupikia."

"Nilikuwa najichemshia kidogo mchana, ukiwa kwa fundi."

"Kila siku?"

"Nilikuwa na hamu nao tu. Nilikuwa naupenda utamu wake."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Bi Kionjo aliyasikia yanavyotua, akatamani ayaokote moja moja. Binti aliinua uso taratibu.

"Utamu," alisema.

Mama akageuka dirishani. Binti hakumfuata kwa macho. Alikuwa anatazama nyuma ya jiko, kwenye msumari ambao hakuna mtu aliyekuwa ameukumbuka tangu siku ya kuanguka. Palikuwa pametundikwa nyuzi, kichala kizima cha vipande vifupi, kila kimoja na fundo lake, vilivyochemshwa mpaka nyekundu imekuwa ya waridi na buluu imekuwa ya majivu. Nyuzi za kufungia funguo. Aliinuka akazitungua, akazitandaza kwenye kiganja, akaanza kuzigawa kwa kidole: nyekundu huku, buluu huku, nyeupe huku. Mashamba matatu ya Shemeji. Kabla hajafika katikati, akaacha kuzigawa.

"Mama. Ulikuwa unajionjea hivi?"

Bi Kionjo aligeuka kutoka dirishani.

"Nilitaka ushone," alisema.

Binti alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, nyuzi zikiwa zimefumbatwa kifuani. Kwenye jiko maji yalikuwa yamekauka na viazi vilikuwa vinaungua, moshi umeanza kujaa chumbani. Mmoja wao hakuweza kusikia harufu, na mwingine hakuinuka.